Kamati Imepitisha Damu ya Mzee

Zamani ukialikwa harusini ulidaiwa mchango tu. Ukishaukabidhi kwa mweka hazina, nguo ilibaki siri yako na sanduku lako. Siku hizi hata kadi haijachapwa, simu imeshalia: "Wapendwa, rangi ya sherehe ni damu ya mzee na dhahabu. Tafadhali tuzingatie." Hilo "tuzingatie" ndilo linalonipandisha presha. Aliyeliandika hajui kifua changu kina inchi ngapi wala mfuko wangu una shilingi ngapi, ila rangi yangu anaijua.

Na usidhani ni rangi moja. Kicheni pati ina yake, sendofu ina yake, harusi yenyewe ina yake, na ndani ya harusi upande wa bwana wanavaa hivi na upande wa bibi vile. Wanakamati nao wana sare yao, ili wapishi wajue nani wa kupakuliwa kwanza. Majina ya rangi zenyewe ndiyo usiseme. Sisi tulikua na nyeusi, nyeupe na nyekundu. Zilizobaki tulizitaja kwa kuangalia kitu kilichopo jirani: majani, majivu, ugoro, kahawa. Sasa kijana wa kamati ananiambia pichi, tili, shampeni na dasti rozi. Nikimuuliza dasti rozi ikoje ananitumia picha ya msichana wa Marekani aliyesimama na gauni katikati ya shamba la ngano, jua linazama. Haya, nenda Kariakoo kamtafutie muuza vitambaa jua linalozama.

Tena mjini hapa kila rangi ina wenyewe. Nyekundu na nyeupe ni za watu wa Msimbazi, kijani na manjano ni zetu sisi wa Jangwani, na hapo hapo kijani na manjano ni za chama. Mwaka wa uchaguzi ukipanda daladala na shati la kijani, nusu ya abiria wanajua utampigia nani kura, nusu nyingine wanauliza Yanga inacheza na nani leo. Kwa hiyo niliposikia damu ya mzee nilipinga. Shemeji yangu, aliyeko kwenye kamati, akanijibu kwa upole wa mtu ambaye kikao chake kimeshafungwa: "Shemeji, hiyo si nyekundu. Hiyo ni nyekundu iliyostaafu."

Basi tukaenda Mtaa wa Uhuru, mimi na mama watoto, na picha ya rangi kwenye simu. Kijana wa duka hakuitazama mara mbili. Akabamiza jora mezani, akalikunjua, akapiga kofi juu yake. "Hii hapa mzee wangu, damu ya mzee orijino." Chini ya taa zake nyeupe ilikuwa damu ya mzee kweli, hata mimi nilikubali. Mama watoto, ambaye hajawahi kumwamini mtu mwenye mkasi, akalivuta pande hadi mlangoni, kwenye jua la saa sita. Likageuka kahawia.

"Jua ndilo linaharibu, mama," kijana akasema. "Kwani harusi si usiku?"

Nilitaka kumjibu vibaya, lakini alikuwa amesema kweli kuliko alivyojua. Rangi ya nguo haimo yote ndani ya nguo. Kitambaa humeza sehemu ya mwanga na kurudisha iliyobaki, na hakiwezi kurudisha ambacho hakikupewa. Jua lina kila kitu. Taa ya duka ina vichache, na hivyo vichache vimeegemea kwenye bluu, ndiyo maana wekundu wa ndani ulionekana umekolea na wa nje ukaonekana umechoka. Viwandani wanalijua jambo hili siku nyingi. Wana kabati maalumu lenye taa za namna tofauti: ya mfano wa mchana, ya dukani, ya manjano ya sebuleni. Sampuli hupitishwa chini ya zote kabla mnunuzi hajatia saini, kwa sababu vitambaa viwili vinaweza kukubaliana kabisa chini ya taa moja na kuachana mkishafika nje. Wataalamu wanaita hali hiyo metamerizimu. Mimi naiita Kariakoo.

Balaa la pili ni kwamba sare yetu haikuwa kitambaa kimoja. Kamati ilitaka mama watoto avae lesi ya pamba juu na satini chini, mimi shati la tetroni. Vyote damu ya mzee. Sasa, uzi wa pamba hupokea rangi ndani ya maji yenye chumvi na magadi, rangi ikashikana na uzi wenyewe. Poliesta ni uzi uliojifunga, hauingizi rangi hadi upikwe ndani ya mtambo uliofungwa, joto lifike nyuzijoto 130 hivi, na rangi yake ni ya ukoo mwingine kabisa. Tetroni, ambayo ni pamba na poliesta zilizosokotwa pamoja, inabidi itiwe zote mbili, na kiwanda kikizembea moja unavaa shati lisilo na uhakika. Satini nayo ina mng'ao: mkunjo huu unauona divai, mkunjo wa pili zambarau inayokaribia nyeusi, na mvaaji hajasogea. Tuliposimama mbele ya kioo cha fundi tulikuwa kama ukuta uliopigwa rangi na mafundi wawili wasiosalimiana.

Fundi, futikamba shingoni, alitutazama kwa huruma ya mtu ambaye ameshapokea malipo ya awali. "Ukumbini hawataona," akasema. Halafu akaongeza, bila kuulizwa, kwamba wenzetu walioleta vitambaa wiki iliyofuata wamekuja na nyekundu nyingine tena, maana jora la kwanza liliisha na hili jipya limetoka pipa jingine. Hapo napo hakusema uongo. Kila mkupuo wa rangi hutoka na tofauti yake, kidogo tu, ndiyo maana viwanda makini huandika namba ya mkupuo kwenye jora. Kwenye majora ya mtaani namba hiyo ama haipo ama imefunikwa na bei.

Mtu akiwa na nia ya kututawala kwa rangi, angalau atumie namba. Pale Marekani kampuni ya Pantone ilianza mwaka 1963 kuzipa rangi namba, ili mchapaji wa huku na mteja wa kule wasigombane, na rangi za nguo zina vitabu vyake vyenye vipande vya pamba, kwa sababu rangi ya karatasi haikubali kuwa rangi ya kitambaa. Kamati yetu inatumia picha ya simu. Simu ya shemeji ina mwanga mkali, yangu ina ufa katikati, ya mama watoto iko kwenye hali ya kulinda macho na kila kitu ndani yake ni cha manjano. Watu mia tatu tumeangalia picha moja na kuona rangi mia tatu, kisha tunaambiwa tumekosa nidhamu.

Ninayemkumbuka kila ninapofikiria habari hizi ni mzee mmoja wa Ufaransa, Michel Eugène Chevreul. Alikuwa mkemia. Mwaka 1824 alipewa kazi ya kusimamia utiaji rangi katika kiwanda cha Gobelins, Paris, kilichokuwa kikifuma mazulia ya kutundika ukutani kwa wafalme. Malalamiko yalikuwa yanamsubiri mezani. Wafumaji walidai sufu nyeusi ya pale haina nguvu: ukiitumia kutia kivuli kwenye vazi la bluu au zambarau, inaonekana imepauka. Bila shaka walitaka fundi fulani afukuzwe. Kila ofisi ina watu wa namna hiyo. Chevreul hakumfukuza mtu. Aliagiza sufu nyeusi za London na Vienna, akazilaza pembeni ya nyeusi yake, akakuta nyeusi yake haina ubaya wowote.

Ubaya ulikuwa kwa jirani. Jicho likitazama bluu iliyokolea, linaongeza kwenye rangi ya pembeni yake kivuli cha rangi iliyo mkabala na bluu, yaani chungwa. Nyeusi ikishapakwa uchungwa huo wa machoni inaonekana imefubaa, na wewe unamlaumu aliyeichovya. Weka nyekundu kando ya kijani, zote mbili zinawaka. Weka kijivu hicho hicho juu ya nyeusi na juu ya nyeupe, utaapa ni vijivu viwili. Mwaka 1839 Chevreul alichapisha kitabu kizima juu ya sheria hii, na wabunifu wa nguo na wachoraji wanakifuata mpaka leo. Aliishi miaka 102, na mimi nina hakika sababu mojawapo ni kwamba hakuwahi kuwa mjumbe wa kamati ya harusi.

Maana kamati haijui kwamba majirani wapo. Harusi ya kabla ya hii walipitisha chungwa. Wageni wakakaa kwenye viti vilivyovishwa bluu, wakawaka. Walioketi mbele ya pazia jekundu wakaonekana wagonjwa wa manjano. Nguo ni ile ile, jora ni lile lile. Baada ya sherehe kukawa na kikao cha tathmini, na mama wa watu akasemwa kwamba amevaa rangi ya bei rahisi.

Shangazi yangu wa Tanga hana habari na Chevreul, lakini mpe doti ya kanga uone. Kwanza haitazami mkononi mwa muuzaji. Anaitandaza yote, anarudi nyuma hatua kadhaa, anakunja jicho moja. Anaangalia pindo linavyoukabili mji, kama linausukuma mji mbele au linaumeza. Kisha anakaribia na kupitisha kidole kwenye mistari myeusi inayozunguka maua. "Hii imeingiliana," atasema, na kanga inarudishwa. Anachokitafuta ni kitu cha kiwandani hasa. Kila rangi ya kanga huchapwa na chujio lake, na chujio likihama kidogo tu, nyekundu inapanda juu ya manjano na ua linakuwa na midomo miwili. Mstari mweusi huficha mwachano huo, na pia huzuia rangi mbili zenye ugomvi zisigusane. Kanga nyingi zina rangi chache mno ukizihesabu, kwa sababu kila rangi inayoongezwa ni chujio jingine na gharama nyingine. Nyeupe ya kitambaa chenyewe huachwa ifanye kazi bure. Uchache huo umezaa ustadi: kwa rangi mbili au tatu zilizopangwa na mtu anayejua nani akae na nani, kanga inasomeka ukiwa upande wa pili wa barabara, pamoja na matusi yake.

Nilimpigia simu kumlalamikia habari ya damu ya mzee.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, baba. Wamewavisheni nini tena?"

Nikamwambia. Akacheka hadi akakohoa. "Harusi ina rangi ya kisutu," akasema. "Hayo mengine mapambo ya ukumbi."

Kisutu, kwa msomaji aliyekulia mbali na pwani, ni kanga ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, ya zamani kabisa katika ukoo wa kanga, na ndiyo ya bibi harusi. Haibadiliki kila msimu wala haihitaji ujumbe. Ya shangazi iko sandukuni na harufu ya udi, nyekundu yake imezeeka lakini ukiiweka kati ya nyeusi na nyeupe bado inasimama, kwa sababu hao majirani wawili hawaigombezi. Ukiniuliza mimi, huyo aliyepanga kisutu alistahili kuwa mweka hazina wa kila kamati nchini.

Sisemi kwamba zamani rangi za nguo hazikuwa na amri ndani yake. Zilikuwa nazo, tena mbaya. Unguja ya karne ya 19 mtumwa ulimjua kwa merikani isiyotiwa rangi au kaniki iliyochovywa nili mpaka ikawa nyeusi. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, wanawake wengi waliokuwa watumwa waliziacha nguo hizo na kujifunga kanga za rangi, na hakuna aliyewatumia ujumbe wa kuzingatia. Rangi walizichagua wenyewe. Ndiyo sababu nachukia zaidi nikiona wajukuu wa watu hao wanajipanga foleni kwa fundi, wote damu ya mzee.

Nimejaribu kumtafuta aliyetuletea wingi huu wa rangi na nimempata London. Mwaka 1856 kijana wa miaka 18, William Perkin, alikuwa nyumbani kwao likizo ya Pasaka akihangaika kutengeneza kwinini, dawa ya malaria. Akapata tope jeusi, akalisafisha kwa spiriti, likatoa zambarau ambayo hariri iliipokea na haikutoka. Akaachana na dawa, akafungua kiwanda cha rangi. Mpaka hapo rangi za nguo zilitoka kwenye majani, mizizi, wadudu na konokono. Tangu hapo zikatoka kwenye lami ya makaa ya mawe, na haikuchukua miaka mingi kila maabara ya Ujerumani ilikuwa na rangi yake mpya ya kuuza. Miaka miwili baada ya tope lile Malkia Victoria alimwoza binti yake, na akaenda harusini na zambarau hafifu. Mabibi wa London wakaifuata rangi hiyo mpaka magazeti yakawatania kwamba wamepata ugonjwa. Mama wa bibi harusi anavaa, mji mzima unazingatia: huyo mama kamati tunayemjua sisi alianzia pale. Kijana alikuwa anatafuta dawa ya malaria, jamani. Malaria tunayo hadi leo, na dasti rozi tunayo.

Shati langu lilikamilika Alhamisi. Mama watoto akasema nguo ya dukani haivaliwi bila kupitishwa majini, akaliweka kwenye beseni na chumvi kidogo, kama alivyofundishwa na mama yake, ili lisichuje. Chumvi ina msaada pale rangi inapotiwa kiwandani. Ikiwa rangi haikushika huko wala ziada haikusuuzwa, chumvi ya jikoni haina mamlaka nayo. Maji yakawa juisi ya rozela. Humo humo ndani kulikuwa na fulana zangu nyeupe na soksi za mtoto za shule. Fulana sasa ni pichi, soksi ni dasti rozi. Kama kamati ingepitisha rangi hizo ningekuwa mgeni mwenye nidhamu kuliko wote. Shati lenyewe lilianikwa likiwa na mabaka, mgongoni damu ya mzee, kifuani damu ya kijana.

Nikatangaza kwamba nitavaa kanzu. Nyeupe haina mjadala, nilisema, nyeupe haichuji, nyeupe haina pipa wala chujio. Mama watoto hakunijibu. Alikuwa tayari anakoroga bluu ya kufulia kwenye ndoo. Pamba nyeupe ikizeeka inakuwa ya manjano, na tone la bluu huufuta umanjano huo machoni. Kwa hiyo nyeupe inayosifiwa msikitini Ijumaa ni bluu iliyokorogwa kwa kipimo. Sabuni ya unga nayo huacha kwenye nguo vitu vinavyopokea mwanga usioonekana na kuurudisha ukiwa wa bluu, nguo ikaonekana nyeupe kupita nyeupe. Nilivaa vyote viwili, bluu na sabuni, nikajitazama, nikaona nimekuwa mtu wa heshima.

Ukumbini fundi alithibitika. Didjei alikuwa na taa za bluu na zambarau, na nguo nyekundu ikipigwa taa ya bluu haina cha kurudisha, inakuwa nyeusi. Watu mia tatu waliotafuta damu ya mzee Kariakoo yote walikaa mle wamevaa msiba. Mwanga ule ule ulipoifikia kanzu yangu ukakutana na sabuni, na mimi nikawaka. Nilikuwa naonekana mpaka jikoni. Mshereheshaji alinikaribisha meza kuu mara mbili. Mtoto mmoja alianza kulia.

Shemeji akaja mbio, sare yake ya kamati nyeusi tii. "Shemeji, mpiga picha anaomba usogee, unamfunika bwana harusi. Halafu nyeupe ni ya bibi harusi peke yake, tulituma ujumbe."

Akanionyesha kwenye simu. Ni kweli ulitumwa, na mimi ndiye ninayeonekana sisomi. Ulikuwa umeandikwa kwa herufi za shampeni juu ya karatasi nyeupe.